Modemu inaonekana kama CD, intaneti hakuna: keneli imekosa nini?

Swali limetoka kwa msomaji wa Goma: "Nina sekretaria ndogo (duka la kuchapa na kutoa nakala) hapa Birere, si mbali na Petite Barrière. Ruta yetu ni kompyuta ya zamani ya mezani yenye Debian 12. Inachukua intaneti kwenye modemu ya USB na kuigawia mashine nne. Nimejenga keneli (kiini cha Linux) yangu ya 6.1 ili iwe nyepesi, nikatumia make localmodconfig. Sasa nikiwasha kwa keneli hiyo, modemu inaleta picha ya CD tu. Hakuna ttyUSB, wala kadi ya mtandao haitokei. lsusb inaonyesha 12d1:1506. Nikirudi kwenye keneli ya Debian yenyewe, kila kitu kinakubali. usb_modeswitch nimeitoa na kuirudisha mara tatu. Jambo la pili: hata keneli ikiwa nzuri, kuna siku modemu inasema imeshika mtandao lakini hakuna kinachopita."

Ndugu, usb_modeswitch iache ipumzike, haina kosa. Ushahidi umeuleta mwenyewe: 12d1:1506, yaani nambari ya mtengenezaji na ya bidhaa.

Kle (modemu za USB) za aina hiyo zina sura mbili. Zikipata umeme tu huanza kama diski ya CD yenye programu za Windows, na katika sura hiyo modemu yenye 1506 kwa kawaida hujitambulisha kwa 12d1:14fe. Kazi ya usb_modeswitch ni moja tu: kuitumia kle ujumbe mfupi, nayo inajikata na kurudi kwenye laini ya USB ikiwa na nambari mpya. Ukishaona 1506, ujue kugeuka kumekwisha. Picha ya CD inayokudanganya ni kipande kilichobaki, kwa sababu hata baada ya kugeuka kle inaendelea kubeba ile CD pamoja na tundu la microSD, na kiendeshi cha usb-storage umekibakiza kwenye keneli yako. Siku nyingine soma nambari kwanza, picha baadaye.

Kosa liko kwenye localmodconfig, au tuseme kwenye saa uliyoiendesha. Amri hiyo inasoma lsmod (orodha ya moduli, yaani vipande vya keneli, zilizopakiwa) ya dakika hiyo, na kila moduli ambayo haijapakiwa inaandikiwa "is not set". Kama wakati huo kle ilikuwa kwenye droo, viendeshi vyake vyote vilifagiliwa. Hata ingekuwa imechomekwa, moduli za PPP (njia ya kupiga intaneti kupitia seriali) zingeweza kupotea, maana zenyewe hupakiwa pale tu programu yake, pppd, inapopiga. Keneli haikukuonya kwa sababu kwake hakuna kilichoharibika: umeiomba iwe nyepesi, imekuwa nyepesi.

Hakikisha kwa macho yako. Washa kwa keneli yako, chomeka kle, subiri sekunde kumi na tano, kisha:

lsusb -t

Utaona mistari ya namna hii, ingawa mpangilio wa nambari za If unaweza kutofautiana na wa kwangu:

If 0, Class=Vendor Specific Class, Driver=, 480M
If 1, Class=Vendor Specific Class, Driver=, 480M
If 2, Class=Vendor Specific Class, Driver=, 480M
If 3, Class=Mass Storage, Driver=usb-storage, 480M

Tazama palipoandikwa "Driver=" bila kitu mbele yake. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kwenye keneli ya Debian nafasi hizohizo zina option, option, huawei_cdc_ncm, na usb-storage.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanalipita mbio. Keneli haipi kle nzima kiendeshi kimoja. Inakipa kila kiolesura chake. Kle yako ni mashine tatu ndani ya plastiki moja: seriali ya kupokea amri za AT (lugha ya kuongea na modemu), kadi ya mtandao, na diski. Kila mashine inatafuta kiendeshi chake, na kukosa kimoja hakuzuii vingine kufanya kazi. Ndiyo maana diski inaonekana wakati modemu imekufa. Na ndiyo maana swali la "kiendeshi cha Huawei ni kipi?" halina jibu. Jedwali la kiendeshi cha option lenyewe, kwa modemu nyingi za Huawei, halitaji bidhaa mojamoja bali linasema: mtengenezaji 12d1, kiolesura cha daraja ff (ile Vendor Specific), daraja dogo na itifaki fulani. Kle mbili za kampuni moja, zenye umbo moja na rangi moja, zinaweza kuhitaji viendeshi viwili tofauti kabisa.

Kwa hiyo usikisie. Rudi kwenye keneli ya Debian, chomeka kle, uwe root, uulize mashine yenyewe:

for f in /sys/bus/usb/devices/*:*/modalias; do echo "$f: $(modprobe -R "$(cat $f)" 2>/dev/null)"; done

Kila kiolesura kitakutajia moduli inayokifaa. Ukitaka kujua moduli fulani inawashwa na chaguo gani, tafuta jina lake kwenye Makefile za keneli. Mfano, grep 'option.o' drivers/usb/serial/Makefile itakuonyesha CONFIG_USB_SERIAL_OPTION. Angalia kistari: lsmod huandika cdc_acm, lakini faili ni cdc-acm.o. Wengi hupoteza nusu saa hapo.

Sasa marekebisho. Usipite kwenye menyu, ni rahisi kuruka mstari. Ingia kwenye folda ya chanzo cha keneli yako, nakili .config pembeni, halafu:

scripts/config -m USB_SERIAL -m USB_SERIAL_OPTION -m USB_ACM -m USB_WDM
scripts/config -m USB_NET_DRIVERS -m USB_USBNET -m USB_NET_CDCETHER
scripts/config -m USB_NET_CDC_NCM -m USB_NET_HUAWEI_CDC_NCM
scripts/config -m USB_NET_QMI_WWAN -m USB_NET_CDC_MBIM
scripts/config -m PPP -m PPP_ASYNC -m PPP_DEFLATE -m PPP_BSDCOMP
make olddefconfig
grep -E 'USB_SERIAL_|USB_NET_|USB_USBNET|USB_WDM|CONFIG_PPP' .config

Mstari wa mwisho usiuruke. olddefconfig ina tabia ya ukimya: chaguo likikosa kitu linachokitegemea, linafutwa bila neno. Mtego wa kawaida ni USB_NET_DRIVERS. Chaguo hilo lenyewe halizalishi moduli yoyote, ni mlango tu wa kundi zima la kadi za mtandao za USB. Kwa kuwa halina moduli ya kuonekana kwenye lsmod, localmodconfig inaweza kuuzima, na ukizimwa yote yaliyo ndani yake yanaondoka pamoja nao. Kwenye matokeo ya grep utafute pia USB_SERIAL_WWAN. Hukuliandika, lakini linaletwa na USB_SERIAL_OPTION. Likiwepo, ujue mnyororo umeshikana.

Nimekuwekea viendeshi zaidi ya vile kle yako inavyohitaji, makusudi. Zote ni moduli. Zisipotumika hazichukui kumbukumbu, zinakaa kwenye diski tu. Siku kle hii ikifa ukanunua nyingine, hutajenga keneli upya.

Wewe ni ruta, kwa hiyo angalia na kitu ambacho hukuuliza: NAT, yaani kuigawia mashine nyingi intaneti moja. Kama kanuni zako za nftables au iptables hazikuwa zimepakiwa saa ile ya localmodconfig, nazo zimefagiliwa. Kwa nftables hakikisha NFT_CT, NFT_NAT na NFT_MASQ. Kwa iptables ya Debian 12 ongeza NFT_COMPAT na NETFILTER_XT_TARGET_MASQUERADE. Dalili yake ni kwamba ruta yenyewe inafika intaneti lakini mashine nne hazifiki, nawe utaanza kuilaumu modemu bure.

Kisha jenga yote, usijenge moduli peke yake:

make -j2
sudo make modules_install
sudo make install

Ukijenga moduli tu na kuzipachika kwenye keneli ya juzi, huenda zikakataliwa kwa "Invalid module format" au "disagrees about version of symbol". Zikikataliwa, linganisha uname -r na majina ya folda zilizo chini ya /lib/modules; mara nyingi utakuta umewasha keneli moja na kupachika moduli za nyingine.

Na umeme ukikatika katikati ya ujenzi, jambo ambalo Goma halihitaji maelezo, make ina uwezo wa kuendelea pale ilipoachia. Tatizo ni faili zilizokuwa zinaandikwa saa ileile: zinaweza kubaki na ukubwa wa sifuri huku saa yake ikionekana mpya, na make ikadhani zimekamilika. Kabla ya kuendelea, futa hizo:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Ukishawasha keneli mpya, chomeka kle na usome dmesg. Unatafuta "GSM modem (1-port) converter now attached to ttyUSB0", na chini kidogo mstari wa huawei_cdc_ncm unaotaja cdc-wdm0, halafu mwingine unaosajili wwan0. Jina wwan0 huenda lisidumu: udev inaweza kulibadilisha kuwa refu linaloanza na wwx na kufuatiwa na anwani ya kadi. Usishtuke, tumia lile linaloonyeshwa na ip link.

Kuunganisha kuna njia mbili, na chagua moja. ModemManager na wvdial (programu mbili za kuendesha modemu) zikigombea ttyUSB0, kila moja inameza majibu ya mwenzake, na utaona makosa yasiyo na mantiki. Njia ya raha ni NetworkManager:

nmcli con add type gsm ifname '*' con-name kle apn JINA

Hapo kwenye JINA weka APN (jina la lango la intaneti) ya kampuni yako. Iangalie kwenye simu yenye kadi ya kampuni hiyohiyo, ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu, usiokote ya mtandaoni.

Njia ya mkono inafaa kwa kupima. Zima kwanza ModemManager, halafu, ukiwa root:

printf 'AT^NDISDUP=1,1,"JINA"\r' > /dev/cdc-wdm0
dhclient wwan0

PPP kupitia ttyUSB0 nayo inafanya kazi, lakini iweke kwa kle za zamani za 3G zisizo na kadi ya mtandao ndani. Kuipitisha LTE (4G) yote kwenye seriali ni kuibana bure. Ukiitumia na pppd ikasema "This system lacks kernel support for PPP", umekosa PPP. Ikisema "Couldn't set tty to PPP discipline", umekosa PPP_ASYNC. Ni makosa mawili tofauti, na watu huyachanganya kila siku.

Utakutana pia na ushauri wa kizamani wa modprobe usbserial ukiiwekea vendor na product. Usiufuate. Kiendeshi hicho cha jumla hakikutengenezwa kwa modemu. Keneli yenyewe inaandika kwenye dmesg kwamba ni cha majaribio tu. Kitang'ang'ania violesura ambavyo si vyake na kukupa mwendo wa konokono. Ikiwa kweli una modemu ambayo option haiijui nambari yake, ifundishe:

modprobe option
echo "12d1 1506 ff" > /sys/bus/usb-serial/drivers/option1/new_id

Nambari hizo ni za mfano, weka za kwako. Hiyo ff mwishoni inaizuia isiguse violesura vya diski.

Kuhusu aina nyingine za kle nitasema kwa ufupi. Ikigeuka kutoka 12d1:1f01 kwenda 12d1:14dc, hiyo ni HiLink: ni ruta ndogo kamili, inahitaji cdc_ether tu, inakupa anwani yenyewe kwa DHCP na ukurasa wake uko 192.168.8.1. Hakuna APN ya kuandika kwenye Linux, wala usiitafutie ttyUSB. Lakini usichomeke mbili za aina moja kwenye kompyuta moja ukitarajia kuongeza kasi. Nyingi zimetoka kiwandani na anwani ya MAC ileile na mtandao uleule, zitagongana. Kle zenye chipu ya Qualcomm mara nyingi zinahitaji qmi_wwan, na zile mpya zina ugonjwa wake: kadi ya mtandao ipo, muunganisho unasema uko sawa, DHCP inanyamaza. Hapo zima wwan0, andika Y ndani ya /sys/class/net/wwan0/qmi/raw_ip, washa tena.

Kabla ya lile swali la pili, angalia umeme wa USB. Tundu la USB 2.0 linaahidi mA 500 tu, na modemu ikitafuta mnara wa mbali inavuta kwa mishtuko. Kwenye kompyuta ya zamani, au inayokula kwenye batri na invata ndogo, dmesg itajaa "USB disconnect" au "error -71". Hilo si la keneli. Toa waya mrefu wa kurefushia, tumia tundu la nyuma lililo kwenye ubao wenyewe, na ikibidi weka habu yenye umeme wake. Ikikatika tu baada ya kukaa kimya, hapo ndipo ujaribu kuizuia isilale: andika neno on kwenye faili ya power/control ya kifaa hicho, chini ya /sys/bus/usb/devices.

Sasa mtandao ulioshikwa bila kupitisha kitu. Kwa mtu aliye Birere, kitu cha kwanza kushuku ni minara ya Gisenyi, upande wa Rwanda. Redio haijui mpaka. Ikiachwa ichague yenyewe, na mnara wa upande wetu ukilegea, inaweza kujiandikisha ng'ambo. Simu utaona jina la mtandao likibadilika kwenye kioo. Modemu iliyo nyuma ya kompyuta haina kioo, kwa hiyo iulize. Zima ModemManager, fungua picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0, uandike:

AT+COPS=3,2
AT+COPS?
AT+CREG?
AT+CSQ

Amri ya kwanza inaomba majibu kwa nambari badala ya majina. Nambari ikianza na 630 uko Kongo. Ikianza na 635 uko Rwanda. CREG ikirudisha 0,1 uko nyumbani, 0,5 ni ugenini, 0,3 umekataliwa. CSQ inapima nguvu kutoka 0 hadi 31, na 99 maana yake haijulikani. Zidisha kwa 2 kisha toa 113 upate dBm. Ukiwa na 6, yaani dBm -101, kusogeza kle dirishani kunafaa kuliko keneli yoyote. Kutoka kwenye picocom ni Ctrl-A halafu Ctrl-X.

Ukikuta 635, ifunge kwenye mtandao wako. 63001 ni Vodacom, 63002 ni Airtel; kwa kampuni nyingine piga AT+COPS=? usubiri, inaweza kuchukua dakika moja au mbili, itakuorodheshea minara yote inayoisikia pamoja na nambari zake. Halafu:

AT+COPS=1,2,"63001"

Kwa NetworkManager, weka hayo kwenye muunganisho wenyewe ili yadumu hata kle ikichomolewa:

nmcli con mod kle gsm.network-id 63001 gsm.home-only yes

Ukiifunga hivyo, mnara wa kampuni yako ukizimika utakaa bila mtandao kabisa, haitarukia kwingine. Kwa sekretaria inayolipa mega kwa pesa yake, naona ni afadhali hivyo. Siku ukihamisha kle kwenda kuitumia kwingine, AT+COPS=0 inairudisha kuchagua yenyewe, na ile gsm.network-id uifute kwa kuiachia thamani tupu, la sivyo NetworkManager itaifunga tena kila ikiunganisha.